Malezi ya Watoto Wadogo katika Msimu wa Kipupwe

(Darsa iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi, Magoma, Korogwe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba joto na baridi, usiku na mchana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, swahaba zake na kila mwenye kushika mwendo wao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baad.



Tumeombwa tuzungumze juu ya malezi. Mada hii huzungumzwa sana, na mara nyingi huzungumzwa kwa mbali: vijana wameharibika, runinga na simu zimewateka, wazazi wamelala. Hayo yana mahali pake. Leo tunaomba tuishushe mada mpaka chumbani, kwenye blanketi moja linalogombaniwa na watoto watatu. Tumo ndani ya kipupwe. Masika yamekwisha, kusi linavuma, mvua za mchoo zinanyunya usiku, na asubuhi ukungu hutushukia kutoka pande zote mbili, kwa kuwa sisi wa bonde la Lwengera tumekaa kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Ndugu zetu wa Bungu na Vugiri wakisikia watu wa Magoma wanalalamikia baridi watatucheka, na wana haki. Lakini mtoto wa miezi miwili haipimi baridi ya kwao kwa kuilinganisha na ya Bungu.

Katika vitabu vya hutuba vinavyotufikia kutoka nchi za Kiarabu, hutuba ya majira ya baridi imepangwa Disemba na Januari. Tuliwahi kumsikia khatibu mmoja akiisoma kama ilivyo, Ijumaa ya mwezi wa Januari, akiwahimiza waumini wavae sufi, na huku jasho linamtiririka mpaka ndevuni. Watu walivumilia kwa adabu. Kosa hilo si la kitabu. Ni letu sisi tuliosomea kwa Kiarabu, ambao hufasiri maneno tukasahau kufasiri majira. Na baya zaidi ni kwamba ifikapo Juni, baridi yetu inapoingia, hutuba ya baridi imekwisha kusomwa na sisi hatuna la kusema.

Qur'an Tukufu imelitaja neno la majira ya baridi, yaani shitaa, mara moja tu, katika Surat Quraysh, pale Allah (s.w.) Anapowakumbusha Maqureshi misafara yao ya baridi na ya kiangazi, kisha Akawakumbusha kuwa Yeye ndiye Aliyewalisha wakati wa njaa na Kuwasalimisha na hofu. Lakini baridi yenyewe na dawa yake imeguswa kwingine. Katika Surat An-Nahl, aya ya 5, Allah (s.w.) Anapotuhesabia neema ya wanyama wa mifugo, Ametanguliza joto tunalolipata kwao, kisha manufaa mengine, kisha ndipo Akataja kula. Tuizingatie tartibu hiyo. Sisi tukisema baba anatoa matumizi ya nyumbani, akili zetu huenda kwenye unga, dagaa na mafuta ya taa. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, haki ya mama anyonyeshaye juu ya baba wa mtoto ni chakula na mavazi kwa pamoja. Basi blanketi la mtoto na sweta lake ni katika nafaka ya wajibu. Baba anayekosa fedha ya blanketi la mtumba, na kila siku hakosi ya vocha na ya kahawa ya kijiweni, asidhani kuwa anadaiwa na mkewe tu.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuichague mada hii. Ni habari yetu wenyewe, nayo si ya kujivunia.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2019. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miezi saba na kifua kilikuwa kimembana. Siku hiyo mchoo ulinyesha tangu alasiri. Nyumba yetu ni ya matofali, tulikuwa tumemaliza kuipiga lipu mwaka ule ule, na tulifurahi kwa kuwa upepo haupenyi tena kama ulivyokuwa ukipenya katika nyumba ya miti na udongo tuliyotoka. Jiko la mkaa lililopikiwa ugali lilikuwa bado na makaa. Tukaliongeza mkaa, tukangoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu safi, tukaliingiza chumbani. Tukafunga dirisha. Tukaona upepo chini ya mlango, tukaziba kwa kitambaa. Tukasoma nyiradi za kulala, tukawapulizia watoto, tukapiga bismillahi na kufunga mlango kama Sunna inavyoagiza. Tulikuwa watu watano chumbani humo.

Kama saa nane usiku mtoto mchanga alilia kutaka ziwa. Mama watoto alitueleza baadaye kwamba hakilikuwa kilio chake cha siku zote, kilikuwa chembamba kama cha paka mdogo. Akainuka kumchukua, miguu ikamkatika, akaanguka karibu na mlango. Akatuita, "Baba watoto, amka, sina nguvu." Sisi tulimsikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Kichwa kilikuwa kinapasuka, na tunakiri mbele yenu kuwa kitu pekee tulichokitamani kilikuwa kuendelea kulala. Ni yeye aliyejikokota, na mtoto mkononi, akaufungua mlango. Hewa ya nje ilipoingia ndipo tukapata akili ya kuwaburuta wale wawili wakubwa mpaka barazani. Yule wa miaka minne alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa, anatapika, tukimwita hatutambui. Jirani yetu, Allah Amlipe kheri, akawasha pikipiki yake katika mvua ile ile na kuwapeleka yeye na mama yake kwenye matibabu. Mtabibu alipowapokea aliuliza swali moja tu: "Mlilala na jiko?" Adhana ya Alfajiri ilipokaribia mtoto akafumbua macho na kuomba uji. Alhamdulillah.

Ndugu zetu, aibu ilikuja asubuhi yake. Darsa ya siku hiyo kwa wanafunzi wakubwa ilikuwa katika mlango wa adabu za kulala. Tukafungua kitabu, na mbele yetu ikawa hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) amekataza kuuacha moto ndani ya nyumba zetu tunapolala. Na chini yake ile ya Abu Musa (r.a.), kwamba nyumba moja hapo Madina iliungua usiku na watu wake wamo, na Mtume (s.a.w.) alipoambiwa akasema kwa maana kwamba moto huu ni adui yetu, basi tunapolala tuuzime. Hadithi hizi tulizihifadhi kwa isnadi zake. Tulizifanyia mtihani tukafaulu. Na usiku ule tulilala na moto shubiri chache kutoka vichwa vya watoto wetu.

Tulijiuliza ilikuwaje. Jawabu ni kuwa tuliisoma hadithi pamoja na sharhi zake tukaishia kwenye sharhi. Wanavyuoni waliieleza kwa hatari waliyoiona katika zama zao. Katika hadithi ya Jabir (r.a.), aliyoipokea Bukhari, panya ametajwa kuwa huenda akaukokota utambi wa taa akaiunguza nyumba na watu wake. Imam An-Nawawi (r.a.) akasema kuwa neno la hadithi ni la jumla, linaingia moto wa taa na usiokuwa wa taa, na kwamba taa iliyotundikwa mahali pa salama haidhuru, kwa kuwa illa, yaani sababu ya hukumu, haipo. Sisi tukachukua kuwa illa ni kuungua. Jiko letu lilikuwa sakafuni juu ya saruji, mbali na godoro, hakuna panya wala utambi. Tukajiona tumo katika usalama, kumbe tulikuwa tumesahau kuwa Mtume (s.a.w.) ameuita moto adui, na adui ana silaha zaidi ya moja.

Silaha ya pili ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Mkaa unapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa hii. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozeshi. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingeshika, na huing'ang'ania damu kuliko oksijeni kwa mara mia mbili na zaidi. Basi mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, na mwili wake unakosa pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kukatika nguvu na usingizi. Aliyelala hazioni dalili hizo, hutoka usingizi hadi mauti. Watoto wadogo, wazee na mama wajawazito huwahiwa kabla ya wengine, na mtoto aliye tumboni zaidi. Magazeti yetu huleta habari za familia zilizokutwa zimekufa pamoja na jiko chumbani, hasa kutoka mikoa ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini, na mara nyingi watu huanza kutafuta mchawi aliyewamaliza usiku mmoja. Hakuna mchawi. Ni jiko.

Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wa kwetu wana kauli kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi hauna madhara. Hiyo ndiyo kauli iliyotuponza sisi. Moshi humfukuza mtu nje, na makaa mekundu humbembeleza alale. Wengine husema weka beseni la maji karibu na jiko. Maji hayo hayazuii kitu. Na nyumba zetu mpya za matofali na bati, ambazo tunazishukuru, zinaibana hewa hii kuliko nyumba za udongo walizotulelea wazee wetu.

Anayetaka kuota moto na aote jioni akiwa macho, mlango wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje, si kuwekwa ukumbini. Matundu ya hewa ya juu yasizibwe. Mtoto mchanga alale na mama yake, kichwa kikiwa na kofia na uso ukiwa wazi, miguu ikiwa na soksi. Mkeka au majamvi chini ya godoro huzuia baridi ya sakafu. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa, kisha ikawekwa kitandani kabla mtoto hajalazwa, hulifanya shuka kuwa na joto, nayo itolewe anapolazwa asije akaungua. Na ukikuta watu wamezidiwa chumbani, fungua milango kwanza, watoe nje, kisha wapelekwe hospitali hata wakizinduka. Allah (s.w.) Ametukataza katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, kuziua nafsi zetu, na katika Surat At-Tahrim, aya ya 6, Ametuamrisha kujikinga sisi na ahli zetu na Moto. Aya hii ya pili ni ya Moto wa Akhera, hatuigeuzi maana yake. Lakini mzazi anayewahofia watoto wake na Moto ule atawalazaje na huu?

Jambo jingine ni wudhuu wa Alfajiri kwa watoto. Tunawajua baadhi ya akina baba, nao ni watu wema wenye kupenda dini, humwamsha mtoto wa miaka mitano kwa kumwagia maji ya baridi usoni, na akilia huambiwa kuwa shetani analia. Hawa hutoa dalili ya hadithi iliyo kwa Muslim kuhusu kutimiza wudhuu wakati wa tabu, kuwa hufuta madhambi. Hadithi ni sahihi, lakini mtoto wa miaka mitano ana madhambi gani ya kufutwa? Kalamu haijaanza kumwandikia. Amri iliyo kwa Abu Dawud ni kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba. Aliye chini ya hapo huvutwa kwa mapenzi, akiamka akasimama pembeni ya baba yake na kusinzia katika sijda, hiyo ni kheri, na akilala aachwe. Na hata kwa mkubwa, wanavyuoni wamesema kuwa malipo hayo ni ya tabu inayomkuta mtu, si ya tabu anayoitafuta. Imepokewa kuwa Umar ibn Al-Khattab (r.a.) alikuwa akipashiwa maji moto chomboni akaoga kwayo. Ikiwa Umar, kwa ushupavu wake, alipashiwa maji, basi mtoto wa darasa la pili hapunguziwi chochote katika dini kwa birika la maji ya uvuguvugu. Tena birika hilo baba anaweza kulitenga yeye mwenyewe jikoni, si lazima amwamshe mama.

Mgonjwa anayehofiwa kudhurika na maji, na hakuna njia ya kuyapasha, ana rukhsa ya kutayamamu. Amr ibn Al-Aas (r.a.), katika msafara wa Dhatus-Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuangamia akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Walipomshitaki kwa Mtume (s.a.w.), akatoa hoja kwa aya ile ile ya Surat An-Nisaa tuliyoitaja. Mtume (s.a.w.) akacheka na hakumkemea. Ameipokea Abu Dawud. Na yeye huyo amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani, wenzake wakamwambia hana ruhusa ila aoge, akaoga akafa. Mtume (s.a.w.) alikasirika sana akawaambia kuwa wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Sisi tunaofundisha tuisome habari hii kwa hofu, kwani waliomuua hawakukusudia ila kuitekeleza dini.

Kuhusu swala ya jamaa, iko Sunna ambayo imesahauliwa mpaka imefanana na uzushi. Ibn Umar (r.a.) aliadhini usiku wa baridi na upepo, kisha akatangaza kuwa watu waswali majumbani mwao, na akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamrisha muadhini aseme hivyo katika usiku wa baridi na mvua. Imo kwa Bukhari na Muslim. Muadhini wetu akiisema siku moja mchoo unapopiga na matope ya njia ya mtoni yanafika kwenye vifundo, tusianze kumuuliza ameitoa wapi. Na mwenye mke aliyejifungua juzi na mtoto anayekohoa asione haya kuitumia rukhsa aliyopewa.

Tuje kwenye kikohozi. Katika msimu huu wako watu wanaopita majumbani wakikata vimeo vya watoto. Mtoto akikohoa wiki mbili, bibi hutazama kooni akasema kimeo kimerefuka, na mkataji huitwa na kisu chake. Kimeo ni kiungo Alichokiumba Allah (s.w.) mahali pake, na kukikata hakuponyi kikohozi. Tunachokijua ni kuwa huleta kutoka damu nyingi, vidonda kuoza, na pepopunda kwa chuma kichafu. Wengine huanza kwa hirizi, huivisha shingoni kwa mtoto kabla ya sweta. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, ameeleza kuwa mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Baba aliyelipa fedha ya hirizi amemnunulia mtoto wake shirki, na kifua hakikupona.

Kikohozi cha mafua hupita chenyewe. Kinachoua ni nimonia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu zaidi ya watoto 700,000 walio chini ya miaka mitano waliouawa nayo ulimwenguni mwaka 2019. Mama anaweza kuitambua bila kifaa chochote. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, hata usiku asingojwe mpaka asubuhi. Na homa yoyote apimwe malaria, kwani baada ya masika mbu wetu hawajaondoka kwa ajili ya baridi. Chanjo ya kukinga aina moja kubwa ya nimonia imo katika chanjo za watoto hapa nchini tangu mwaka 2013, hutolewa bila malipo katika wiki ya 6, 10 na 14. Anayeizuia kwa uvumi alioupata kijiweni atulete huo uvumi tuutazame pamoja. Na moshi wa kuni katika jiko la ndani ni katika visababishi vya ugonjwa huu, basi mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika ikiwa yupo mtu wa kumshika.

Na mtu wa kumshika yupo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahli zake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Ni Bukhari aliyeipokea. Asubuhi za kipupwe mama huamka wa kwanza kuchota maji na kuwasha moto, na baba hubaki chini ya blanketi akisoma nyiradi. Nyiradi husomeka pia ukiwa umembeba mtoto.

Mwisho ni tangazo la madrasa. Kuanzia Jumamosi hii mpaka mwisho wa Agosti, darasa la watoto wadogo la asubuhi litaanza saa mbili badala ya saa kumi na mbili na nusu. Sweta juu ya kanzu au baibui linaruhusiwa, na soksi pia. Mtoto anayekohoa abaki nyumbani, hataandikwa mtoro. Mwenye masweta yaliyowabana watoto wake ayalete kwa imamu, kuna watoto wa wakata mkonge ambao wanakuja na fulana tu.

Allah (s.w.) Atuhifadhie watoto wetu na Atusamehe tulipozembea. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.